Mbwa Amemeza Kitu: Kabla ya Maziwa, Chumvi na Tonge la Ugali

Mbwa akijulikana amemeza soksi, gunzi au dawa ya panya, Mombasa ushauri haukosi. Mlinzi wa geti atasema apewe maziwa. Jirani atasema maji ya chumvi, atapike. Wa tatu ataleta tonge la ugali likasukume kilichokwama, maana hata sisi tukikwamwa na mwiba wa samaki ndivyo tufanyavyo. Kila mmoja ana kisa cha mbwa aliyepona kwa dawa hiyo, na huenda kisa ni cha kweli, kwa kuwa vitu vingi anavyomeza mbwa hupita vyenyewe hata usipofanya lolote. Taabu ni kwamba maziwa, chumvi na ugali hutolewa kabla mtu hajajiuliza mbwa amemeza nini, saa ngapi, na kitu hicho sasa hivi kiko wapi. Majibu ya hayo matatu ndiyo yanayoamua kama utasubiri, utakimbia, au utafanya jambo papo hapo.

Madhara yenyewe ni ya namna tatu. Kuna kinachoziba, kuna kinachotoboa au kukata, na kuna kinachotia sumu. Soksi haina sumu, lakini ikiingia kwenye utumbo mwembamba inaweza kuufunga kabisa. Kijiti cha mshikaki hakizibi kitu, hutoboa. Dawa ya panya haizibi wala haitoboi. Kumtapisha mbwa, ambako wengi hukuona ndiyo huduma ya kwanza ya kila kilichomezwa, kunafaa kwa baadhi ya hivyo na kunaua kwa vingine. Betri ndogo bapa, ile ya saa au ya ufunguo wa gari, ni mbaya kuliko vyote: ikinasa kwenye umio, mkondo wake mdogo wa umeme huzalisha kemikali kali inayoanza kuunguza nyama ndani ya nusu saa. Betri haingojwi hadi asubuhi.

Koo, umio, tumbo, utumbo

Anza na pumzi. Kitu kikiziba njia ya hewa, mbwa hana dakika nyingi. Hutaharuki, hukwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, hujaribu kuvuta pumzi bila sauti kutoka, na ufizi hugeuka rangi ya samawati. Huyu ukimpakia garini kwanza atakufia njiani. Mfungue mdomo, na kama kitu unakiona, kitoe kwa kupitisha kidole kando ya shavu, kwa sababu kidole kinachoingia moja kwa moja hukisukuma ndani zaidi. Kisipotoka, mbwa mdogo mnyanyue miguu ya nyuma, kichwa kikae chini. Mbwa mkubwa msimamie nyuma, mkumbatie, kunja ngumi chini ya mbavu za mwisho na usukume kwa ghafla kuelekea juu na mbele, mara kadhaa, kisha utazame mdomo tena. Hata akipata pumzi apelekwe kuonwa siku hiyo hiyo, kwani koo lililoumia huvimba baadaye. Mbwa anayekohoa kwa sauti, huyo hewa inapita. Usimbane mbavu.

Kitu kilichopita koo na kunasa kwenye umio, ule mrija wa kupeleka chakula tumboni, humpa mbwa sura nyingine. Udenda unamtiririka, anameza mate mfululizo, ananyoosha shingo, na chakula anachokula kinarudi muda mfupi baadaye hakijasagika, bila tumbo kukakamaa kama la anayetapika. Mifupa hunasa hapa sana. Watu husema "amekwamwa tu" wakamwacha hadi kesho, ilhali hii ni hali ya haraka: mahali mfupa unapobana, nyama ya umio hufa kidogo kidogo mpaka ikatoboka ndani ya kifua.

Lakini kabla hujatia mkono mdomoni mwa mbwa wa namna hiyo, fikiria kichaa cha mbwa. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbiza watu barabarani. Yuko anayepooza: amekaa kimya, taya limelegea, udenda unatoka, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Ukimwona utaapa ana mfupa kooni. Tena ugonjwa huo huo huweza kumfanya mbwa atafune na kumeza visivyolika, kama mawe, vijiti na mchanga. Kwa binadamu, dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Mkakati wa Kenya wa kuutokomeza ulianza 2014 na shabaha yake ni mwaka 2030, kwa hiyo bado tunaishi nao. Kama mbwa hajachanjwa, au ni wa mtaani aliyejiingilia uani, na hakuna aliyemwona akimeza kitu, usimtafute mfupa. Mfungie mahali, zuia watoto, mpigie daktari wa mifugo umweleze hivyo hivyo ulivyoona.

Mbwa huyo akikuuma, au mate yake yakikuingia kwenye jeraha au jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, jeraha ulitie na sabuni, kisha nenda hospitali siku hiyo kwa ajili ya chanjo. Nyumba nyingi za hapa mbwa ana mpaka wake: amewekwa kwa ulinzi, yuko uani, na palipoguswa na mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama wafuasi wa Shafii wanavyojua. Hilo ni la twahara na lina wenyewe wa kulisemea. Langu ni kwamba jeraha bichi lihudumiwe kwanza kwa sabuni na maji, na udongo usitiwe ndani yake.

Tumboni ndipo penye nafasi, na nafasi hiyo hudanganya. Kitu kinaweza kukaa humo saa kadhaa, pengine wiki nzima na zaidi, mbwa akila na kucheza kama kawaida. Kikiwa bado tumboni, daktari ana njia tatu: kumtapisha kwa sindano, kama kitu ni laini, hakina ncha wala hakichomi, na hakijakaa sana, kukivuta kwa mrija wenye kamera, au kupasua. Kikishateremka utumboni, kutapisha hakusaidii tena na mrija mara nyingi haukifikii. Ndiyo maana saa mbili za mwanzo zina thamani, na ndiyo maana simu kwa daktari hupigwa hata kama mbwa anatikisa mkia.

Utumbo mwembamba ndio mwembamba kweli. Kikizuilika humo, mbwa hutapika tena na tena, mwishowe hata maji hayakai. Hukataa chakula, hujikunyata, na wengine hunyoosha miguu ya mbele chini huku makalio yakibaki juu, kutafuta nafuu ya maumivu. Choo hupungua au hukatika. Kuharisha kidogo kusikufariji, kwa kuwa majimaji huweza kupenya kando ya kizuizi.

Uani kwetu kuna vyake

Ushauri mwingi kuhusu mbwa umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo mbwa analala sebuleni juu ya zulia, na orodha zake huanza na soksi na vichezeo. Mbwa wa Kisauni, Mikindani au Likoni mara nyingi yuko nje, na anayoyaokota ni ya nje. La kwanza kwa maoni yangu ni gunzi. Mahindi ya kuchoma yanauzwa kila kona kuanzia Mama Ngina hadi Mtwapa, na gunzi lililopakwa ndimu, chumvi na pilipili halafu likatupwa chini lina harufu ya chakula. Tumbo la mbwa haliliyeyushi. Mbwa mwenye pupa hulikata vipande viwili vitatu akavimeza, na kipande kimoja kina upana wa kutosha kuziba utumbo. Picha ya eksirei nayo haionyeshi gunzi waziwazi kama inavyoonyesha mfupa au chuma, kwa hiyo usipomwambia daktari kwamba jana palikuwa na mahindi, anaweza kuhangaika. Kokwa la embe lina tabia hiyo hiyo, na msimu wa maembe kila mti wa uani huangusha.

Makumbi ya nazi hutafunwa kwa raha sana na watoto wa mbwa, na watu huyaacha kwa kuwa ni "kitu cha asili". Nyuzi zake zikimezwa kwa wingi hufungamana tumboni. Kifuu kina balaa jingine, huvunja meno.

Vijiti vya mishikaki vinaogopesha zaidi kwa sababu ya ukimya wake. Kijiti chenye harufu ya nyama humezwa kizima, kikatoboa ukuta wa tumbo, na mbwa akaonekana mzima siku kadhaa kabla ya homa na maumivu kuanza. Hicho usikitapishe kamwe: kurudi juu ni kupita umio kwa mara ya pili, safari hii kwa nguvu.

Kisha kuna uzi. Uzi wa kushonea, kamba ya viroba, pindo la leso lililochakaa, mshipi wa kuvulia. Kinachofanya uzi uwe hatari ni kwamba upande mmoja hunasa, kwenye shina la ulimi au kwenye mlango wa tumbo, na upande wa pili unaendelea kuteremka. Utumbo hujikaza ili uusukume, lakini kwa kuwa uzi hauendi, ni utumbo unaoupanda uzi, ukajikunjakunja juu yake. Kila mkazo unaufanya uzi ukate. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Agosti 2017, tumezoea vile vifuko vinavyofanana na kitambaa, na mikono yake mbwa akiitafuna huchanika ikawa tepe ndefu. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma ya mbwa, usiuvute hata kama unaonekana umelegea. Hujui mwisho wake mwingine umeshika nini. Usimwache aendelee kuutafuna, umpeleke.

Ndoana pia usiivute. Kwa wavuvi, na kwa yeyote aliye karibu na fukwe, hali ya kawaida ni mbwa aliyemeza chambo pamoja na ndoana, mshipi ukibaki nje ya mdomo. Acha urefu wa mshipi, ufunge kwenye ukosi, ule mkanda wa shingoni, asiumeze, kwa sababu daktari huufuata kama njia ya kumfikisha kwenye ndoana. Na kwa kuwa tuko ufukweni: samaki bunju aliyetupwa na maji, mbwa asiachwe amguse kwa meno. Sumu yake hupooza misuli ya kupumua na haina dawa ya kuipindua.

Nepi na pedi hunywa maji na kuvimba zikiwa ndani. Mchanga wa pwani nao humezwa bila nia, mbwa anapookota mpira mara nyingi, ukajaa utumboni kwa uzito wake. Mbwa anayecheza Bamburi au Nyali abebewe maji baridi ya kunywa, maana ya bahari humharisha, na akiyanywa kwa wingi chumvi humfikia ubongo.

Sumu, na dawa za jirani

Dawa ya panya si kitu kimoja, na hapo ndipo wengi hujichanganya. Zile zinazozuia damu kuganda hazionyeshi lolote siku ya kwanza. Mbwa anakula, anabweka, halafu siku ya tatu hadi ya tano anaanza kuvuja damu puani, kwenye ufizi au ndani kwa ndani. Zina dawa, vitamini K1, inayotolewa kwa wiki kadhaa, ila ianze mapema. Nyingine hushambulia mishipa ya fahamu, na mbwa hutetemeka na kutoa udenda ndani ya dakika au saa chache. Ya tatu, zinki fosfaidi, hukutana na asidi ya tumbo ikatoa gesi yenye sumu, na chakula huongeza asidi. Yaani tonge la ugali hapo linampalilia mbwa kifo. Akitapika, matapishi hayo yanatoa gesi hiyo hiyo, kwa hiyo mtoe nje penye upepo nawe usiyainamie. Dawa zinazouzwa kwa kipaza sauti mitaani, zikiwa kwenye kipakiti kisicho na maandishi, humnyima daktari jambo analolihitaji kuliko yote, jina la sumu. Ukinunua, nunua yenye lebo, na lebo uitunze.

Jikoni, hofu yangu kubwa ni vitunguu, kwa sababu pilau na biriani zetu hazipikwi bila kitunguu kingi na masalio yote huishia kwa mbwa. Kitunguu kibichi au kilichopikwa huharibu seli nyekundu za damu, na athari huonekana siku chache baadaye kama uchovu, ufizi mweupe na mkojo wa rangi ya kutu. Zabibu kavu zinaweza kuangusha figo. Chokoleti nyeusi hupandisha mapigo ya moyo. Bazoka (chingamu) zisizo na sukari mara nyingi hutiwa zailito (xylitol), kitamu cha badala ya sukari, ambacho hushusha sukari ya mbwa kwa kasi hadi akaanguka. Dawa za maumivu za binadamu, aina ya diklofenaki na ibuprofeni, hutoboa tumbo na kuua figo, basi asipewe "nusu kidonge" kwa huruma. Vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini navyo ni sumu.

Sasa turudi kwa wale washauri watatu. Maziwa hayazimui sumu. Mafuta yake yanaweza hata kusaidia baadhi ya sumu kunyonywa haraka, na mbwa aliyelegea akimiminiwa maziwa kinywani huyavuta mapafuni. Chumvi kweli hutapisha wakati mwingine, lakini kiasi kinachotosha kutapisha kiko karibu mno na kinacholeta degedege. Akikataa kutapika umebaki na mbwa mwenye sumu mbili. Mkaa uliotwangwa wa jikoni si ule mkaa wa hospitali uliotengenezwa maalumu kunasa sumu. Ugali humjaza tumbo mbwa ambaye huenda saa moja baadaye akahitaji nusukaputi, na anayelazwa kwa upasuaji tumbo likiwa limejaa ana hatari ya kupaliwa na matapishi. Zaidi ya yote, asitapishwe aliyekunywa mafuta ya taa, jiki au asidi ya betri, aliyemeza kitu chenye ncha, wala anayesinzia au kutetemeka.

Kama ametafuna kitu chenye kemikali, mpanguse na kumsuuza mdomo kwa maji. Hilo halidhuru. Mengine yote yangoje simu.

Njiani na kwa daktari

Duka la agrovet lipo karibu na kila mtu, na anayeuza huko anaweza kuwa hodari, lakini dawa ya minyoo haitoi soksi. Unayemtafuta ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na KVB, bodi ya taifa ya madaktari wa mifugo, mwenye eksirei au altrasaundi, au anayejua ilipo. Namba yake iwe kwenye simu kabla ya mkasa. Usafiri pia upangwe mapema: matatu haitampokea mbwa anayetapika, na madereva wengi wa tuktuk hawataki mbwa kitini, kwa hiyo mjue yule anayekubali, uchukue na turubai la kutandika. Anayekaa Likoni aihesabu feri ndani ya zile saa mbili.

Nenda na kipande kilichobaki, ganda la dawa, ndara ya pili, hata picha kwenye simu. Sema ni saa ngapi ulipokiona kitu hicho mara ya mwisho kikiwa kizima. Plastiki, nguo na mti havionekani vizuri kwenye eksirei, hivyo daktari akisema picha ni safi bado ana haki ya kutaka altrasaundi au picha ya pili. Baada ya upasuaji wa utumbo, siku ya tatu hadi ya tano ndizo za kuwa macho zaidi, kwani mshono ukivuja huvuja hapo.

Na kama daktari amesema subiri? Kitu kidogo, laini, kisicho na sumu kinaweza kungojwa. Vingi hutoka ndani ya siku moja hadi tatu. Mlishe chakula chake cha kawaida, mtembeze kwa ukosi, na kila anapojisaidia chukua kijiti upekue. Si kazi ya heshima, lakini ndiyo ushahidi pekee. Kutapika mara mbili au tatu, kukataa maji, tumbo gumu, damu, au ufizi uliopauka: lolote kati ya hayo linafuta neno "subiri", hata ikiwa ni usiku.

Mtoto wa mbwa hutafuna kwa sababu ya meno. Ana 28 ya utotoni, huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, na hadi miezi saba hivi yamekuja 42 ya ukubwani. Mpe cha kutafuna kikubwa kuliko mdomo wake, ambacho ukikibana kwa ukucha kinaingia kidogo. Kigumu kuliko hapo huvunja jino. Ndara kuukuu usimpe, kwa kuwa hawezi kujua ipi kuukuu na ipi uliyoinunua jana. Mbwa mzima anayeanza ghafla kulamba kuta na kula udongo ni habari nyingine: mfunue mdomo, na ufizi ukiwa mweupe huenda ni safura au homa ya kupe, na zote mbili zimejaa pwani.

Yule anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa saa tatu usiku hutafuna kwa uchovu wa kukaa bure, na hutafuna anachokikuta. Usiku wa Idd na wa harusi, mifuko ya taka itolewe yeye akiwa bado amefungwa, maana humo mna mifupa, vijiti, karatasi za foili zenye mafuta na masalio ya vitunguu, vyote kwa pamoja.